Pishi Mbili za Mtama

Zama za Mjerumani, pale Kilole, palikuwa na mwanamke wa misheni, Dorkasi, ambaye wageni walimdhania mchoyo. Mtu katoka mwendo wa siku mbili, mbavu zinahesabika, anapimiwa unga, kisha mwanamke yule anamkazia macho na kumwuliza, "Na mimi umeniletea nini?" Wapo waliokwenda kumshitaki kwa Mchungaji. Wenyeji walicheka. Wao walijua swali lile lilianzia wapi na lilimgharimu nini, nami nitalisimulia, maana wanaosema ovyo juu ya mwanamke yule ni wengi kuliko wanaojua.

Hakujua alikozaliwa. Alikumbuka ua wenye vumbi, na bwana mmoja mnene aliyeketi juu ya kigoda, na pishi ya mti ya kupimia nafaka, iliyomeguka mdomo. Ilikuwa njaa. Mama yake alikuwa amemshika mkono, akimsifu kwa yule bwana kama mtu anayesifu mbuzi wake mnadani: anajua kuchota maji, anajua kutwanga, hana maradhi. Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Na hali sana huyu." Bwana yule akachota mtama pishi moja, akamimina katika kikapu cha mama, akachota ya pili. Mama akachuchumaa, akamwambia mtoto kwamba hakuuzwa, amewekwa rehani tu, na mvua ikinyesha atakuja mwenyewe na pishi mbili za mtama amkomboe. Hiyo ilikuwa desturi ya watu wengi miaka ya njaa, na wengi walikombolewa kweli wakarudi kwao. Lakini mtoto huyu aliangukia mikono mibaya. Kabla ya mavuno yule bwana alimwuza kwa watu wa msafara waliokuwa wakishuka pwani.

Askari wa Kijerumani waliuzuia msafara ule njiani, na watoto wakapelekwa misheni, juu milimani, si mbali na Lutindi. Alikuwa na miaka sita, labda saba. Alipanda mlima na swali moja ambalo hakumwambia mtu hata alipokua: mama alikuja, au hakuja?

Mlimani hakukosa kitu, na hilo ndilo lililomchosha. Alipewa kitanda, akaambiwa aseme asante. Akapewa gauni, asante. Uji, asante. Akapewa hata jina, Dorkasi, la mwanamke wa Maandiko aliyewashonea wajane nguo, nalo pia akalisemea asante. Miaka kumi na mitatu ya asante, na mkononi hana hata punje ya kumpa mtu mwingine. Mwenye kula jasho lake hawezi kuujua uchungu huo. Dorkasi aliapa moyoni kwamba siku moja atasimama upande wa pili wa chungu, upande wa mwenye kushika upawa.

Siku hiyo ilikuja na msiba wa watu wengine. Mvua zilikata misimu miwili mfululizo, na Uzigua yote, kutoka Handeni hadi kando ya mto Pangani, ikakauka. Misheni ikajenga banda la chakula Kilole, karibu na mahali magunia yaliposhushwa kutoka gari moshi la Tanga. Msimamizi wake alikuwa mwalimu Jonathan Mdoe, Mshambaa mrefu mwenye kanzu nyeupe isiyoingia doa hata kwa vumbi la Korogwe. Jinsi alivyoweza, yeye na Mungu wake wanajua. Dorkasi akapewa kazi ya kupima unga. Alilia kwa furaha usiku kucha, na asubuhi yake alikuwa wa kwanza bandani.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Kila nyumba ilipewa unga wa siku kumi na nne katika kikapu cha ukindu kilichosukwa mlimani. Aliyerudisha kikapu alijaziwa tena. Asiyerudisha hakupata kingine, maana vikapu vilikuwa vichache. Watu wa mbali kabisa walikuwa wa Misima, waliotembea siku mbili kuja na siku mbili kurudi. Miongoni mwao alikuwa bibi mmoja mwembamba, mnyofu wa mgongo, jina lake Mwaija. Mumewe alikuwa amekufa, binti yake amekufa, mkwewe alikwenda mashamba ya mkonge hakuleta hata salamu. Nyumbani alikuwa na mjukuu mmoja wa kike, Hajira, mwenye miaka saba.

Mwaija aliporudi mara ya pili, kikapu chake hakikuwa kitupu. Ndani yake mlikuwa na mchunga, ile mboga chungu ya porini, majani machache aliyoyafunga kwa uzi wa mgomba na kuyanyunyizia maji njiani yasinyauke. Siku mbili kayabeba. Akamkabidhi Dorkasi kikapu kwa mikono miwili.

"Mboga zako, mwanangu."

Basi Dorkasi wa watu akaona nafasi ya kutenda wema mkubwa. Aliwaza mtoto mwenye njaa huko Misima, aliwaza mafundisho ya mlimani kwamba mwenye kutoa asitazamie kurudishiwa, na moyo ukamjaa. Akazitoa zile mboga, akazirudisha kwenye khanga ya bibi, mbele ya foleni nzima, huku anatabasamu.

"Hapana, bibi. Hizi mpelekee mjukuu wako. Sisi hatutaki."

Mwaija alizitazama mboga, akamtazama yeye.

"Mboga hamtaki."

"Hatutaki, bibi. Chukua unga wako, nenda kwa amani."

"Basi nimeelewa," akasema Mwaija. Nyuma yake, mwenye mzigo mdogo wa kuni akaushusha polepole akausukuma kwa mguu pembeni. Na mwenye ubuyu akauficha. Dorkasi aliona, akafurahi. Alidhani amewapunguzia mzigo.

Baada ya siku kumi na nne, kutoka Misima hakuja mtu. Baada ya nyingine kumi na nne, hakuja mtu, na hata wa vijiji vya karibu walipungua nusu. Magunia yakaanza kubaki.

"Mungu ni mwema," akasema mwalimu Jonathan. "Njaa inapungua."

Dorkasi akatoka nje akatazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe kama bamba la bati, hakuna wingu hata la kusingiziwa.

"Inapungua kwa mvua ipi, mwalimu?"

"Basi wameviona vikapu ni vizuri, wamebaki navyo. Watu ndivyo walivyo."

"Hakuna anayejiua kwa njaa kwa ajili ya kikapu cha ukindu. Niruhusu niende Misima."

"Dada Dorkasi, sisi tupo hapa. Mwenye shida atakuja. Misheni haitembezi chakula kama mchuuzi."

Jonathan hakuwa mtu mbaya, ila alipenda mambo yakae mahali pake, na watu vilevile. Dorkasi hakubishana. Alipima sehemu yake mwenyewe ya unga, akatia katika kikapu, akajifunga khanga kiunoni, na Jumatatu alfajiri alikuwa ameshavuka mto. Alitembea siku ile na siku iliyofuata. Miguu ilimvimba, njia ilikuwa vumbi na miti iliyobanduliwa magome, na mara mbili alipita nyumba ambazo milango yake ilikuwa wazi na hamna mtu ndani. Kila alipoona mlango wa hivyo aliongeza mwendo. Alilala kwa watu asiowajua, akaondoka kabla hawajaamka.

Asubuhi ya siku ya tatu, penye mashamba ya kwanza ya Misima, alimkuta mzee akichimba ndiga, kile kiazi cha porini chenye sumu ambacho watu hukila njaa ikizidi, baada ya kukiloweka siku tatu. Mzee alipouona mtindo wa kile kikapu aliacha jembe, akapiga kelele kuelekea nyumbani:

"Ingieni ndani! Watoto, ndani!"

Watoto waliokuwa wakicheza uani wakatawanyika kama vifaranga, na mlango ukafungwa. Dorkasi alisimama pale na unga kichwani, amepigwa na butwaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akajibu mzee, kwa kuwa adabu ni adabu hata kwa adui. Jina lake lilikuwa Mbwana. "Umekuja kuchukua wangapi?"

"Wangapi nini?"

"Usinizungushe, mwanangu. Tumeshajua. Huko mlimani kwenu mmejaza watoto wa watu, nani asiyejua? Mara ya kwanza mkatupa unga, tukasema, hawa ni majirani. Tukawarudishia vyombo na chochote tulichokuwa nacho, maana kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Jirani hupokea hata jani moja, akashukuru. Anayekataa jani si jirani. Huyo ana kitu kikubwa anachokisubiri. Wewe ulizikataa mboga za Mwaija mbele ya watu wote. Sasa mwenye akili atajiuliza: kama hamtaki mboga, na kuni hamtaki, mnataka nini nyumbani kwa maskini? Maskini ana nini zaidi ya mtoto?"

Dorkasi alihisi kikapu kimekuwa kizito kama jiwe. Alikuwa amekulia mlimani; hakuna aliyemfundisha desturi ya vyombo, kwa sababu mtoto wa misheni hakuwa na jirani wa kumrudishia chombo. Wema wake wote ule, tabasamu lake lote, kumbe ndio uliokuwa ukiwaua watu wa Misima.

"Nyumba ya Mwaija iko wapi?" akauliza.

"Iko pale. Lakini umechelewa au umewahi, sijui niseme lipi. Yeye ameshakata shauri."

Dorkasi alikimbia. Alimkuta Mwaija mlangoni, amejifunga safari. Kando yake alisimama mtoto aliyeogeshwa na kupakwa mafuta ya nyonyo mpaka miguu mikavu ikang'aa, kavishwa kaniki iliyofuliwa. Macho yalikuwa makubwa kuliko uso. Kikapu cha misheni kilikuwa mkononi mwa bibi, kitupu.

"Ah, umejisumbua, mwanangu," akasema Mwaija. "Sisi tulikuwa tunakuja. Nimekaa nalo jambo hili mwezi mzima, lakini bora awe hai kwenu kuliko afe kwangu." Akamsukuma mtoto mbele kidogo. "Jina lake Hajira. Maji anachota, kutwanga anajua, hana maradhi." Sauti yake ikapungua. "Na hali sana huyu."

Miaka kumi na mitatu ikaanguka chini pale pale. Dorkasi aliusikia mtama ukimiminwa, pishi ya kwanza, na ya pili. Alitaka kupiga yowe, alitaka kumkumbatia yule mtoto na kumwambia bibi yake kwamba hakuna anayemtaka, asilie, achukue unga tu, achukue wote. Akajizuia. Alikwisha kutoa bila kupokea mara moja, na matokeo yake yalikuwa yamesimama mbele yake yamepakwa mafuta ya nyonyo. Akashusha kikapu chake, akaketi chini, kwenye vumbi la mlangoni, kama mtu asiyekusudia kuondoka leo.

"Bibi, sikufuata mtoto. Nimefuata mboga zangu."

"Mboga gani?"

"Zile ulizonipa nikazikataa. Nilikosa adabu, sikufundishwa. Nimetembea siku mbili kuzifuata. Nipe mboga zangu."

Mwaija alimtazama, akitafuta hila usoni mwake.

"Mchunga umekauka wote," akasema mwishoni. "Ndani mna ndiga tu, kidogo, niliyoiweka ya safari."

"Basi nipe ndiga."

"Ni chungu."

"Nipe hivyohivyo."

Mwaija akaingia ndani, akatoka na sahani ya mti. Vipande sita, hata saba havikufika. Dorkasi akanawa, akaanza kula, na nawaambieni, hakuna kazi ngumu aliyopata kuifanya maishani mwake kuliko ile. Hajira alikuwa ameketi mbele yake. Mkono ulipokwenda sahanini, macho ya mtoto yalikwenda sahanini. Ulipopanda kinywani, yalipanda kinywani. Lakini alijua kwamba akimsogezea mtoto ile sahani sasa, atakuwa amezikataa mboga mara ya pili. Akala kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu, akatafuna uchungu wote, akameza. Vitatu vilivyobaki akaviacha, kama mgeni mwenye adabu anavyowaachia watoto wa nyumba, akanawa, akasema, "Nimeshiba, bibi. Mungu akuzidishie."

"Amina," akasema Mwaija. Akaketi naye chini. Kisha akavuta kile kikapu cha unga kwake, akakikumbatia, akalia kwa sauti, bila haya, kwa ajili ya mwezi mzima uliopita. Hajira alikuwa tayari amemaliza vile vipande vitatu.

Uji ulipokuwa motoni Mwaija aliuliza, pasipo kumtazama, "Na wewe, mtoto wa mlimani, ulitolewa kwa kiasi gani?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza. Dorkasi akamwambia: pishi mbili, mtama, pishi yenyewe imemeguka mdomo. Akamwambia na lile swali lake la miaka yote. Mwaija akaendelea kukoroga uji.

Dorkasi aliporudi Kilole alikuwa na Mbwana, Mwaija na wenzao sita nyuma yake na mizigo yao, na hasira mbele yake. Aliweka kapu kubwa mwanzo wa foleni, akasema kila kilicholetwa kitapokelewa: jani, kuni, ubuyu, chochote. Jonathan akaja na kanzu yake.

"Watu watasema tunawauzia maskini chakula."

"Mwalimu, nyumbani kwenu Ushambaa, mama yako hurudisha chungu cha jirani kitupu?"

Jonathan akakohoa. "Hapana. Lakini ya nyumbani ni ya nyumbani, na ya misheni ni ya misheni."

"Kwa hiyo ulijua!" Watu wote wakageuka. "Ulisimama pale ukaniona nikiwaaibisha wazee, na desturi unaijua, ukanyamaza! Kuna nyumba njia ya Misima sasa hazina mtu. Kapu hili halitoki hapa, mwalimu. Likitoka, na mimi natoka, na unga utaupima mwenyewe."

Jonathan aliitazama mikono yake. Kwa heshima yake niseme, hakutafuta udhuru. Kesho yake yeye ndiye aliyesimama penye kapu, akipokea mchunga kwa mikono miwili, na kanzu ikaingia madoa. Kuni zilizoletwa zilipika uji wa wasafiri, mboga zikaingia chunguni, na waliokuwa wakija na kitu mkononi walikuja vichwa juu. Hawakuokoka wote. Wengine walikuwa wamekwisha kufa katika ule mwezi wa mboga zilizokataliwa, na Dorkasi aliyajua majina yao mpaka uzeeni. Ndiyo maana alimwuliza kila mtu, bila kuona haya, "Na mimi umeniletea nini?"

Mvua ilinyesha mwaka uliofuata, tena kwa wingi. Baada ya mavuno, siku moja ya Jumapili watu walipokuwa wakitoka kusali, Mwaija alifika Kilole na Hajira. Bibi alikuwa amebeba mzigo kichwani. Hakusalimia mtu mpaka alipoagiza aletewe pishi ya bandani. Akaweka kikapu kitupu mbele ya miguu ya Dorkasi, akafungua mzigo wake: mtama mwekundu, mpya. Akachota pishi moja, ikafurika, akamimina.

"Moja," akasema, wote wasikie. Akachota nyingine. "Mbili."

Dorkasi alisimama kama mti.

"Yule aliyekuchukua simjui, wala simtafuti," akasema Mwaija. "Lakini desturi inataka pishi mbili, na hizi hapa. Nimekukomboa. Kuanzia leo mtu akikuuliza kwenu wapi, kwenu ni Misima. Na lile swali lako nimelifikiri mwaka mzima. Mimi nilimpaka mjukuu wangu mafuta nikamfikisha mlangoni, najua moyo wa mtu aliyefanya vile. Mama yako alikuja. Alikuja na mtama, akakuta umekwisha kuuzwa, akarudi nao. Mtama wenyewe ndio huu. Umechelewa kufika tu."

Dorkasi alipiga magoti, akaingiza mikono yote miwili katika mtama hadi kwenye viwiko, akalia mbele ya mwalimu na mbele ya washarika wote. Alipomaliza kulia aliosha uso, akausaga mtama wote siku ileile, akasonga ugali, akawaita waliokuwapo. Na Hajira, yule ambaye bibi yake aliapa kwamba hali sana, alikula sahani tatu.